Sista Ardis na Sinia la Bibi Luella

Katika mji wetu hakuna anayechukua kipande cha mwisho. Kikibaki kimoja kwenye sinia, mtu wa kwanza atakikata katikati achukue nusu, wa pili ataikata nusu ile, wa tatu ataikata robo, mpaka kinachobaki hakimtoshi hata ndege. Nimeona kijisehemu cha keki kikikaa saa nzima katika chumba cha chini cha kanisa letu la Kilutheri, watu sitini wakikipita kwa heshima kama wanaopita mbele ya jeneza. Wageni wanaokuja kuishi Minnesota hudhani ni uchoyo wa aina fulani. Ni adabu tu, ingawa adabu nayo ina njia zake za kuwachosha watu.

Anayekimaliza siku zote ni Ardis Kvamme. Hakili kwa ulafi. Anakimaliza ili apate kuosha sinia. Ana miaka sitini na mmoja, ni muuguzi wa wodi ya upasuaji katika hospitali yetu ndogo, na chombo kichafu kinachosubiri humuumiza kama jiwe ndani ya kiatu. Alikulia kwenye zizi la ng'ombe wa maziwa, mmoja wa watoto saba, na mpaka leo hutembea wodini kwa ule mwendo wa mtu anayejua kuna ng'ombe wengine arobaini hawajakamuliwa. Miaka kumi na tisa iliyopita mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Siku ya kwanza aliniambia, "Mdogo wangu, nawa mikono, funga mdomo, andika. Kisichoandikwa hakikutendeka." Sikumbuki kama alinikaribisha. Nadhani huko ndiko kukaribishwa kwenyewe.

Jimbo liliporuhusu bangi, lilifunguliwa duka lenye vioo vya kijani kando ya barabara kuu, na wakulima waliokuwa wakiwalaani vijana kwa miaka arobaini wakaanza kupanga foleni kwa ajili ya magoti yao. Hospitali ikabandika tangazo: kwa wanaogusa wagonjwa hakuna kilichobadilika. Ikaundwa kamati ya watu watatu ya kuandika kanuni. Ardis akawa mwenyekiti kwa kuwa haikuwezekana asiwe. Gaylen Strand, mfamasia, aliingizwa kwa sababu ya elimu yake. Mimi niliteuliwa kwa sababu siku ile nilikuwa likizo.

Kanuni zilikuwa za kawaida, isipokuwa sentensi moja ambayo Ardis aliiongeza kwa mkono wake mwenyewe: *"Sikujua" si utetezi.*

"Hiyo kali kidogo, dada," Gaylen akasema.

"Kila mlevi niliyewahi kumshona kichwa aliniambia amekunywa bia mbili," Ardis akamjibu. "Tukikubali 'sikujua', kesho hakuna atakayejua kitu hospitali nzima."

Sentensi ikabaki. Wa kwanza kukutana nayo alikuwa Darcy Brekke, muuguzi wa miaka ishirini na tisa, mwepesi wa mikono na mwepesi wa kucheka. Mkojo wake ulikutwa na bangi. Alituambia kuwa kwenye harusi ya dada yake alikula peremende zilizokuwa kwenye bakuli, hakujua zina nini, na kwamba ulimi wake ulionekana kujaa mdomo mzima, kisha akasimama nusu saa akilishika pazia la ukumbi kwa sababu lilikuwa zuri mno. Ardis aliyaandika yote hayo. Akauliza, "Una lingine?" Darcy hakuwa na lingine. Tukatia saini wote watatu, na kalamu ilikuwa yangu. Darcy akapoteza kazi, na jina lake likapelekwa kwa baraza la wauguzi la jimbo, ambako majina hukaa muda mrefu.

Hayo yalikuwa mwaka juzi. Mwaka jana, Jumapili moja ya mwezi wa kumi, kanisa lilikuwa na chakula cha mavuno.

Luella Haugrud alileta vipande vyake vya chokoleti na siagi ya karanga. Bibi Luella ana miaka themanini na minne na nyonga mbovu, na ametufundisha Biblia sisi sote tukiwa wadogo. Kukataa kipande chake ni kama kumpiga kofi hadharani. Ardis alikula kimoja. Mimi sikula kwa kuwa karanga hunivimbisha uso. Ni heri pekee ambayo ugonjwa huo umewahi kunipa. Kisha ukaja ule mchezo wa kukata nusu na robo, na masinia yalipofika jikoni, Ardis akapita pembeni mwa kila moja na kijiko, akimaliza kilichobaki, akitumbukiza chombo kwenye maji ya moto. Sinia la Luella lilikuwa na mabaki mengi kuliko mengine. Akayala yote amesimama, kama dawa.

Kwetu mtu huandika jina lake kwenye selotepu nyeupe na kuibandika chini ya sinia, ili lirudi nyumbani kwake. Ardis aliposuuza sinia lile akaligeuza kulisoma. Mimi nilikuwa kando na taulo. Alisoma, akasoma tena.

"Bibi Luella," akaita, "hebu njoo. Umeandika nini hapa?"

Luella akaja na fimbo yake. "Jina langu, mwanangu."

"Chini ya jina."

Bibi akavaa miwani. "'Ina bangi. Kipande kimoja kinatosha.' Kwani mwandiko wangu hausomeki?"

"Unasomeka vizuri. Lakini umeandika chini ya sinia."

"Sasa niandike wapi, juu? Watu waseme Luella siku hizi anajitangaza?"

"Mtu anasoma chini akishamaliza kula, bibi."

"Basi ni kosa langu kwamba mnakula kabla ya kusoma?" Akanigeukia mimi kutafuta shahidi. "Nimeleta kwa kuwa kila mtu hapa anaumwa nyonga. Na nikaandika. Sote tunaandika chini."

Ni kweli, sote tunaandika chini. Tukachungulia ukumbini kupitia dirisha la kupakulia. Baraza la kanisa lilikuwa limekaa kujadili rangi ya zulia jipya, jambo lililowagawa kwa miaka mitatu. Walikuwa wamemaliza kwa dakika kumi. Wazee wawili wasiosalimiana tangu mwaka wa mafuriko walikuwa wameegemeana mabega, na mmoja alikuwa akimweleza mwenzake, polepole na kwa upendo, jinsi ya kunoa msumeno.

"Unaona," Luella akasema. "Wewe peke yako ndiye unayelalamika."

Ardis alifunga bomba. Akaniambia kwa sauti ya wodini, "Nimekula kama vipande viwili. Mwambie Duane anipeleke nyumbani. Wewe njoo nyuma na kipima presha. Usikimbize gari."

Nilipofika nyumbani kwake na Duane, mumewe, alikuwa amekaa sebuleni, mgongo umenyooka, nyuma ya karatasi ya ibada ameshapiga mistari ya safu nne. Alikuwa ameamua kujiuguza. Karatasi ile ninayo nakala yake, kwa sababu baadaye ilikuja kuwa ushahidi.

*Saa nane na robo. Mapigo 88. Mgonjwa yuko macho, anajitambua, amekasirika.*

*Saa nane na nusu. Mapigo 104. Mgonjwa anasema ulimi umekuwa mkubwa. Umekaguliwa. Ni wa kawaida.*

*Saa tisa kasorobo. Mgonjwa anauliza kwa nini zulia hili halijawahi kusifiwa na mtu.*

*Saa tisa. Mgonjwa amemwambia mumewe kwamba ana masikio mazuri. Mume hakujibu.*

*Saa tisa na dakika kumi. Mume ametoka kwenda kuangalia trekta.*

Nilimfuata Duane nje. Trekta haikuwa na tatizo lolote. Alikuwa amesimama tu mbele yake, mikono mfukoni.

"Shemeji," akaniambia, "miaka thelathini na nane ya ndoa. Hajawahi kuyataja masikio yangu."

"Mwambie asante basi, si amekusifu?"

Akafikiri. "Nangoja. Kesho akiyasema tena, nitasema."

Niliporudi ndani Ardis alikuwa ameshuka chini, amelala kifudifudi, kiganja kikipapasa zulia lake la kahawia huku na huku. Alikuwa akilia, nikadhani ni kwa sababu ya bangi. Nikamshika mkono, mapigo yalikuwa yanateremka.

"Pazia," akasema.

"Pazia gani, dada?"

"La Darcy. Yule binti alituambia ulimi, akatuambia pazia. Nilimwandika neno kwa neno, na sikumwamini hata neno moja." Kiganja kikarudi kwenye zulia. "Mtu hawezi kubuni kitu cha kijinga namna hii. Kingebuniwa, kingekuwa na akili zaidi."

Nilikaa naye mpaka jua likashuka nyuma ya ghala. Hata mimi sikuwa nimemwamini Darcy, na sikuwa na ujasiri wa Ardis wa kulisema hilo kwa sauti.

Jumatatu asubuhi kabla ya zamu alikuja moja kwa moja chumba cha dawa, akamwekea Gaylen ile karatasi ya ibada mezani. Hakukuwa na kipimo chochote kilichopangwa wiki ile. Angekaa kimya, hakuna ambaye angejua isipokuwa kanisa zima, na kanisa letu halijawahi kumsema mtu usoni.

Gaylen akaisoma hadi kwenye masikio. Akaigeuza kifudifudi. "Dada Ardis, mimi leo sisikii vizuri. Masikio yangu yamejaa nta."

"Hujaambiwa usikie. Umepewa usome."

"Sijavaa miwani pia."

"Kamati inakaa saa nne," Ardis akasema, akaondoka.

Tulikaa saa nne. Nilidhani angalau atamwachia Gaylen uenyekiti, lakini kanuni zinasema mwenyekiti ni Ardis Kvamme, na hazisemi vinginevyo kwa sababu aliyeziandika hakuona haja. Akafungua kikao kwa niaba ya hospitali. Akamwita mtuhumiwa. Kisha akanyanyuka, akazunguka meza, akaketi kwenye kiti cha upande wa pili.

"Ulijua kilichomo kwenye kile chakula?" akauliza kwa sauti ya mwenyekiti. Akajibu mwenyewe. "Sikujua."

Akanyanyuka, akarudi kwenye kiti cha mwenyekiti. "Hilo si utetezi," akasema, akaandika.

"Mwenzangu," Gaylen akasema taratibu, "ukizunguka meza hiyo tena mimi nitapata kizunguzungu. Tuifute hiyo sentensi kwanza. Dakika mbili tu. Halafu tusikilize kesi yako."

"Darcy hakufutiwa."

"Darcy hakuwa wewe."

Ilikuwa kauli mbaya, na nadhani Gaylen alijua hivyo kabla hajafunga mdomo. Ardis akamgeukia. "Ndiyo," akasema. "Hilo ndilo lililoandikwa hapo, kumbe. Mkuki kwa nguruwe."

Akatia saini ya kujifukuza kazi kwa mwandiko ule ule ulionyooka, akanisogezea karatasi. Mimi nikaweka kalamu mfukoni. Gaylen akakunja mikono. Kanuni zinataka saini tatu, na hilo nalo Ardis ndiye aliyeliweka, ili mtu asije akaonewa na mmoja. Kwa hiyo hakufukuzwa. Lakini hakuweza pia kugusa mgonjwa mpaka mkojo wake utoke safi. Tukamweka kwenye dawati la simu, kuwakumbusha watu tarehe zao. Kila Jumatatu nikawa nasimama nje ya mlango wa choo nikingojea kopo la mkojo, mimi niliyefundishwa naye jinsi ya kulishika.

"Uko hapo?" angeuliza kutoka ndani.

"Nipo, dada."

"Unasikiliza?"

"Ndiyo kazi niliyopewa."

"Basi imba kidogo. Siwezi kukojoa kwenye ukimya wa mtu ninayemfahamu."

Nikaimba. Jumatatu ya tatu kopo likatoka safi. Gaylen akaja mbio na karatasi ya kumrudisha wodini, na Ardis akakataa kuipokea. Alisema hataingia kwenye wodi ambayo amemtoa mtu aliyesema kweli, na kwamba kama jambo hilo litachukua mpaka atakapostaafu, basi atastaafu akiwa kwenye simu. Hakuwa anatishia mtu. Ndiyo sababu tuliogopa. Tunao wauguzi wachache sana, na Ardis bila wagonjwa alikuwa ameanza kunywea, kama ng'ombe aliyefungiwa ndani kiangazi kizima. Wagonjwa waliopigiwa simu walikuwa wanafika hospitali wakitetemeka, maana alikuwa akiwaambia tarehe kisha akiwauliza wamekula nini.

Jumanne iliyofuata aliniomba nimpeleke kwa Darcy. Alikuwa hajui Darcy anafanya kazi wapi siku hizi. Mimi nilijua. Kila mtu alijua.

"Lile duka la vioo vya kijani?" Akafunga mkanda wa gari, akafungua, akafunga tena. "Nikionekana?"

"Umeshaonekana na kanisa zima, dada, ukilisifu zulia."

"Zulia nililisifu nyumbani kwangu."

"Duane kamwambia mtu."

Darcy alikuwa nyuma ya kaunta, amevaa koti jeupe, nywele amekata fupi. Alimwona Ardis akiingia na uso wake ukafungwa kama dirisha wakati wa upepo.

"Sista Ardis. Nikusaidie nini?"

"Baridi imewahi mwaka huu," Ardis akasema.

"Imewahi."

"Duane anasema mahindi yamekauka kabla ya kuvunwa."

"Baba naye anasema hivyo hivyo."

Wakaendelea na mahindi, wakaingia kwenye theluji, wakapita kwenye bei ya mbolea. Kwetu mtu haanzi na jambo alilolijia. Nilisimama karibu na mlango nikisoma maandishi ya makopo, na dakika zikapita kumi, kumi na tano. Mteja mmoja akaingia, akahudumiwa, akatoka. Ardis alikuwa ameshika pembe ya kaunta kwa vidole vyote.

"Lile pazia," hatimaye akasema, "lilikuwa la rangi gani?"

Darcy alipanga risiti zilizokuwa zimeshapangwa. "Zambarau," akasema. "Lenye nyuzi za dhahabu kwenye pindo."

"Langu lilikuwa zulia. La kahawia. Lipo nyumbani tangu mwaka wa themanini na tisa."

Darcy akamtazama. Kisha akacheka, na kicheko kikamshinda, kikageuka kitu kingine, akalazimika kugeuza uso ukutani. "Na ulimi?"

"Ulimi nao. Niliukagua kwa kioo."

"Niliwaambia."

"Ulituambia. Nikaandika vizuri na kuhukumu vibaya. Nimekuja kusema hivyo."

Darcy akapangusa macho kwa mkono wa koti. "Ni vile vipande vya Bibi Luella, sivyo? Mimi ndiye niliyemuuzia bangi aliyotia. Nikamwambia, bibi, hii ina nguvu, andika kwenye sinia watu wajue."

"Aliandika," mimi nikasema kutoka mlangoni.

"Sasa kwa nini..." Akasita. Yeye naye ni mtoto wa mji huu. Akafunga macho. "Chini."

"Chini," Ardis akasema.

Darcy hakutuambia atarudi kazini. Alisema pale dukani wazee humsikiliza, jambo ambalo hajalizoea kutoka kwetu. Alichotaka kilikuwa kimoja: baraza la jimbo liambiwe, kwa maandishi, kwamba alisema kweli. Ardis aliandika barua hiyo alasiri ile ile, kurasa tatu, akaambatisha nakala ya karatasi ya ibada, pamoja na zulia na masikio, akijua vizuri kwamba itasomwa na watu asiowajua katika ofisi ya mji mkuu. Kamati ikakaa. Ile sentensi tukaiondoa. Sasa imeandikwa kwamba mtu aulizwe jinsi kitu kilivyofika mdomoni mwake, na uamuzi utolewe siku ya pili, siyo siku ile ile. Nasikia hospitali nyingine wanaona ni ulegevu.

Baraza lilijibu mwezi wa tatu, theluji ikianza kuoza barabarani. Jina la Darcy lilisafishwa. Wiki iliyofuata alirudi kwa siku tatu za juma, na hajatusamehe sote kwa kipimo kimoja. Darcy humwita Ardis dada. Mimi bado huniita kwa jina la ukoo, na sidhani kama nina haki ya kuuliza kwa nini, kwani kalamu ilikuwa yangu.

Asubuhi Ardis aliporudi wodini, mgonjwa wa kitanda cha kwanza alikuwa mkulima aliyetolewa kibofu cha nyongo, mtu mwenye mazungumzo.

"Sista Ardis. Majira ya baridi yote hatujakuona. Ulikuwa wapi, kusini kwenye jua?"

"Nilikuwa kwenye simu. Nilikula bangi kanisani."

Mkulima akacheka mpaka akashika mshono wake. Akamwita mkewe aliyekuwa dirishani, akamrudia maneno yale, wakacheka wote wawili.

"Nimesema kweli," Ardis akasema, akimfunga kitambaa cha presha mkononi.

"Ndiyo, sista, ndiyo," yule bwana akasema, akifuta machozi. "Haya, tuambie na nyingine."

Ardis alinitazama mimi, kisha akamtazama Darcy aliyekuwa anabadilisha shuka kitanda cha pili. Darcy hakuinua kichwa, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Ardis akaandika presha ya yule bwana, mia na thelathini kwa themanini, akaenda kitanda kinachofuata.